Kaka yake bibi alikufa Bama, tusikimbilie kumuita shujaa

Kila ikifika tarehe 25 Julai simu yangu inajaa picha za mkuki na ngao. Rais kaweka, mkuu wa majeshi kaweka sime, mzee mmoja kaweka upinde na mishale, tarumbeta imepigwa, watu wanaandika asanteni mashujaa wetu na bendera mbili tatu pembeni halafu tunarudi kwenye usajili wa Simba na Yanga. Sina ugomvi na hiyo siku, naipenda hata, ile dakika ya kimya huwa nasimama kweli hata kama niko sebuleni peke yangu na kaptura. Ila mwaka huu nimekwama kwenye hilo neno shujaa. Nimejaribu kumvalisha mtu mmoja wa kwetu likagoma kumkaa, linampwaya kama koti la kugawiwa stoo.

Mtu mwenyewe ni kaka yake bibi, bibi mzaa baba. Alikuwa keya. Vijana wa sasa ukiwaambia keya wanakutolea macho, ndo hao King's African Rifles, KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku Afrika Mashariki, wazee walilitafuna hilo jina likatoka keya, kama Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, ilivyotafunwa ikatoka Kariakoo. Hakuwa sajenti, hakuwa koplo, alikuwa praiveti wa miguu, bunduki mkononi na mzigo mgongoni basi. Alikufa Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944, vita ya pili ya dunia. Picha yake hamna. Kaburi lake hatulijui. Kilichobaki ni jina, na hilo jina nilirithishwa mimi, ndo maana bibi akiwa na hasira na mimi alikuwa anaanza kuniita kwa nguvu halafu sauti inashukia katikati.

Kwetu ni Songea. Na Songea, kwa wasiojua, ni mji unaojua kukumbuka. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walinyonga watu 67 pale kwa sababu ya Majimaji, na mpaka leo kila Februari watu wanakusanyika, kuna makumbusho, kuna kaburi la halaiki. Sasa we fikiria, watoto na wajukuu wa walewale walionyongwa, miaka thelathini na kitu baadaye, wanapanda lori kwenda kumpigania mfalme wa Uingereza dhidi ya Mjapani, mtu ambaye hawajawahi kumuona wala hajawahi kuwachukulia hata kuku. Wangoni walisifika kwa vita basi wakubwa wakawa wanawapenda sana kwenye kuandikisha, sifa yenyewe ndo ikawa mtego.

Kwa nini alienda? Hapa ndo neno shujaa linapoanza kulegea. Nilimuuliza bibi nikiwa kidato cha pili, nina kazi ya shule, nikitegemea aniambie habari za kupinga ufashisti. Bibi akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Alienda kwa sababu rafiki yake alikuwa ameshaenda, kwa sababu kuna kodi, na kwa sababu alikuwa ameposa binti na baba wa binti anataka ng'ombe wawili na mbuzi na yeye ana mbuzi mmoja, tena mwenye chongo. Wengine jumbe aliwataja tu majina bomani wakabebwa, ila yeye alienda kwa miguu yake. Tanganyika walitoka watu kama 87,000 kwenye vita ile, Afrika Mashariki nzima zaidi ya 300,000, na mi naamini ukiwauliza mmoja mmoja utakuta mbuzi wengi sana humo ndani kuliko Hitla.

Alirudi likizo mara moja. Bibi alikuwa msichana mdogo, anachokumbuka ni buti. Keya wa zamani walipiga kwata peku, hawa wa vita ya pili wakapewa buti, na kaka mtu alipofika nyumbani alizivua mlangoni akaziweka kwenye mkeka, mkeka mpya kabisa, yeye mwenyewe akakaa chini kwenye udongo. Watoto walikuwa wanaziangalia tu, hakuna anayegusa. Usiku mama yao akaamka akazifunika na ungo, panya wasije wakatafuna ngozi. Akaacha hela kidogo, mbuzi wakaongezwa, posa ikaenda mbele, kisha akaondoka na barua zikaanza kuja za kuandikiwa, maana yeye kuandika hajui, kuna mwenzake aliyesoma misheni anamuandikia, na barua zote zinafanana, hamjambo, mimi sijambo, wasalimie fulani na fulani, mbuzi wazima? Mkubwa wa kizungu lazima azisome kwanza kabla hazijafungwa, sasa utaandika nini.

Walipelekwa Siloni kwanza, yaani Sri Lanka ya leo, wakafundishwa kupigana porini, halafu India, halafu katikati ya 1944 wakaingia mpakani mwa Bama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo yao kichwa cha kifaru, kamanda mzungu anaitwa Fowkes. Ndani yake kuna batalioni za Kenya, Uganda, Nyasa (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), na za Tanganyika mbili, ya 26 na ya 36. Maofisa wazungu, Mwafrika cheo kinamuishia huko kwenye usajenti meja. Lugha iliyowaunganisha wote hao ni Kiswahili, kile cha amri amri tulichokuja kukicheka baadaye tukakiita Kikeya, kimevunjikavunjika lakini ndo kilikuwa kinasema lala chini na mtu analala chini.

Kuna bonde linaitwa Kabaw. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima, upande wa India, wanarudi nyuma, sasa lazima wafukuzwe wasipumzike, na wakati huo mvua za masika ya kule ndo zimefungua bomba. Majeshi mengi mvua kama ile yangekaa kwenye mahema yasubiri. Jenerali Slim, bosi wa Jeshi la 14 la Waingereza, akasema hakuna kusubiri, na waliotumwa kushuka na hilo bonde ni hawa watu wetu. Walipofika Tamu, Agosti 1944, walikuta maiti za Wajapani mamia, wengi hata hawakupigwa risasi, wamekufa njaa na kuhara ndani ya nyumba na chini ya miti. Hebu jiweke pale. Kijana wa Songea, pengine ndo adui wa kwanza kumuona kwa macho yake, na adui mwenyewe amelala kwenye tope amebaki mifupa na kaptura.

Barabara ilikuwa uji. Lori linazama mpaka kwenye kioo, kwa hiyo chakula na risasi vinadondoshwa na ndege kwa parashuti, mawingu yakiziba ndege haionekani na siku hiyo mnalala na mnachokijua. Mizigo inabebwa kichwani, na panga linafanya kazi kuliko bunduki, kukata njia, kukata magogo ya kutandika kwenye tope. Ruba wanaingia kwenye matundu ya kamba za buti. Buti zilezile zilizolazwa kwenye mkeka. Mzee mmoja wa kijijini aliyerudi alikuwa anasimulia kwamba kitu alichokichukia kuliko Mjapani ni soksi, maana ukizivua zinatoka na ngozi.

Sasa kuna jambo moja ambalo nikilisoma huwa sichoki kulirudia. Slim mwenyewe aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyetolewa mbele kwa jeraha, askari 120 walitolewa kwa ugonjwa. Mia na ishirini jamani! Malaria, kuhara damu, na ile homa ya vichaka inayoletwa na utitiri wa porini, unang'atwa na kitu hata hukioni, siku kumi baadaye kichwa kinapasuka na mwili unawaka. Kwinini, dawa ya malaria, hamna, maana karibu kwinini yote ya dunia ilikuwa inatoka kisiwa cha Java na Java Wajapani wameichukua tangu 1942. Ikaja dawa nyingine, mepakrini, vidonge vya njano, unakunywa kila siku mpaka ngozi na macho vinabadilika rangi. Na uvumi ukatembea, ule uvumi unaoufikiria, kwamba vinamaliza nguvu za kiume. Wazungu waliamini, Wahindi waliamini, wa kwetu sembuse, mtu ana mchumba nyumbani na mbuzi wameshalipwa. Wakawa wanavificha chini ya ulimi wanatema. Ikabidi vikosi viwe vinapimwa kwa kushtukiza, kila mtu, na kamanda ambaye watu wake waliokutwa wamemeza dawa hawafiki asilimia 95 Slim anamtoa kazini, alisema ilibidi atoe watatu tu wengine wote wakaelewa somo. Hadi 1944 hali ikawa bora sana kuliko mwaka wa nyuma, ila bora sana ya Kabaw sio bora sana ya sebuleni kwako.

Nimesema hayo yote ili nifike hapa. Mwaka 1946 alikuja nyumbani kwao mtu mmoja aliyekuwa naye kikosini, anatokea upande wa Mbinga, katembea. Karatasi ya bomani ilikuwa imeshafika zamani, imesomwa, imesema amekufa, haikusema zaidi. Huyu mtu akakaa na wanaume akasimulia kwamba marehemu alipigwa risasi wakielekea Kalewa, mji wa huko Bama, alikuwa mbele, alianguka bila kulia. Wazee wakatikisa vichwa, pombe ikamwagwa chini kidogo, imekwisha. Hiyo ndo hadithi ya ukoo mpaka leo, ukienda kwetu utaambiwa hivyo hivyo. Ila asubuhi yake, kabla hajaondoka, yule mgeni alimfuata mama wa marehemu jikoni, bibi yangu yupo hapohapo anakuna nazi ya watu wa ngoma, hawamhesabu, akamwambia mama ile ya jana ni ya wazee. Ilikuwa homa. Walimbeba siku mbili kwenye machela, mvua inanyesha, alikuwa anaongea Kingoni na watu wasiojua Kingoni, halafu ikafika mahali akanyamaza kabisa kwenye machela. Walimzika kando ya njia, wakaweka kigingi. Wakaendelea kutembea.

Bibi alikaa na hiyo siri miaka zaidi ya hamsini, akaniambia mimi kwa sababu ya kazi ya shule. Nikamuuliza mbona hamkusema? Akasema wangemcheka. Yaani ukoo ungemcheka! Mtu kaenda nusu ya dunia kufa na malaria, malaria si ipo hapa mtoni.

Ndo maana mi na hilo neno hatuelewani. Ukishaamua kwamba aliyekufa vitani lazima awe shujaa, basi kifo lazima kifanane, lazima kuwe na risasi, awe mbele, asilie. Na wale 120 kwa mmoja wanakosa mahali pa kukaa. Rafiki yake ilibidi atunge risasi ili ampe mwenzake heshima, na aliitunga kwa upendo, simlaumu, ningekuwa mimi pia ningetunga. Ila tumembebesha marehemu kifo ambacho sio chake tukaona tumemtukuza. Wakati mimi nikimfikiria yule kijana kwenye machela, na wale wanne waliombeba siku mbili kwenye tope badala ya kumuacha, nao wamechoka, nao pengine wana homa, naona kitu kikubwa pale kuliko risasi yoyote, na hakina nembo.

Halafu kuna upande wa pili, wanaojua kujinadi. Iddi Amin alipenda kujisifu kwamba alipigana Bama. Rekodi zinaonyesha aliingia keya 1946, vita imekwisha, Bama ameisikia jikoni kama sisi. Mtu ambaye hakwenda anatembea na medali kifua kizima, aliyekwenda kafichwa na ukoo wake kwa sababu ya homa.

Na shule zetu je? Kwenye notisi za historia askari wa vita ya pili wapo, sio kwamba hawapo, utawakuta kwenye swali la sababu za kukua kwa utaifa Afrika, hoja ya nne au ya tano hivi, askari waliorudi walileta mwamko. Ni kweli, Waruhiu Itote alikuwa koplo Bama na baadaye akawa Jenerali China wa Mau Mau, mfano mzuri huo, andika upate alama. Lakini soma tena hiyo hoja. Waliorudi. Yaani askari ana thamani akirudi, akiwa na kitu cha kutufanyia. Aliyekufa Kabaw hakuleta mwamko, hakuingia TAA wala TANU, mtihani haumtaki. Nilifundishwa historia miaka sita na sikuwahi kuulizwa hata mara moja kuhusu aliyebaki kule.

Waingereza nao sitawaacha hivihivi, msije mkasema nimetumwa. Kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi, mzungu aliyetumikia jeshi hilohilo aliweza kupata mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake. Na vita ya kwanza ndo usiseme. Nenda pale Samora, Dar, kwenye sanamu ya Askari, lipo tangu 1927, maandishi yake yanasema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka hilo sanamu lote utafute jina. Nimelizunguka, mlinzi wa benki akaanza kuniangalia vibaya. Hamna hata moja. Mwaka 2021 tume yao wenyewe ya makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa kwenye vita ya kwanza. Wakaomba radhi.

Vita ya pili waliandika. Ndo nikasema ngoja nimtafute. Orodha iko kwenye intaneti, unaandika jina la mtu na jeshi lake inakuletea. Niliifungua usiku mmoja umeme umerudi, nikaandika jina langu mwenyewe, maana ndo lake, nikabonyeza nikiwa nimeshika kifua kama nasubiri majibu ya damu. Halikuja. Nikaenda kupika chai, nikarudi, nikawaza, karani wa kizungu kasikia jina la Kingoni, ataliandikaje? Nikabadilisha L nikaweka R.

Yakaja matatu.

Watatu, wote keya, wote 1944, wote jina moja tu bila la baba, wawili batalioni moja, wa tatu nyingine, tarehe zimepishana wiki chache. Sehemu ya wazazi tupu. Sehemu ya kijiji tupu. Namba za jeshi zipo lakini sisi namba yake hatukuwahi kuijua, ile karatasi ya bomani iliezekewa kwenye paa la jiko kuziba tundu, bibi alisema mwenyewe bila aibu, mvua ilikuwa inaingia. Nimekaa na hayo majina mpaka saa nane usiku nikijaribu kuchagua. Nikawa napigia hesabu ile homa na wiki za mvua, huyu wa Septemba ndo yeye, hapana huyu wa Oktoba, maana bibi alisema alikufa kabla ya Kalewa na Kalewa ilichukuliwa tarehe 2 Desemba, kwa hiyo wote watatu ni kabla ya Kalewa. Sina pa kumshika.

Na yule mchumba, mkitaka kujua, aliolewa na fundi cherehani. Familia yetu ikadai mbuzi, upande wa pili wakasema mbuzi wameshazaa na kufa, kesi ikaenda kwa jumbe, ikaenda barazani, bibi anasema iliisha karibu na uhuru kwa kulipwa debe mbili za mahindi na jogoo.

Nilimpigia shangazi Songea asubuhi yake nikamsomea yote matatu. Bibi ameshafariki, shangazi ndo mkubwa sasa. Akanyamaza kidogo akauliza, yupi sasa? Nikamwambia shangazi sijui. Akasema sawa, Novemba mbili inakuja, siku ya marehemu, tunaandika majina parokiani yanasomwa kwenye misa, andika wote watatu. Nikamwambia mmoja wao anaweza akawa Mwislamu. Akasema atatuvumilia, na wewe tuma hela ya bahasha.

Nilikwenda mwenyewe mwaka huo. Orodha ndefu, kanisa lina joto, watoto wanalia, katekista anasoma haraka haraka maana kuna ukoo umeleta majina arobaini. Akafika kwa wa kwetu. Akalisoma mara ya kwanza, akalisoma mara ya pili, mara ya tatu akasimama, akainua karatasi karibu na macho akidhani karudia mstari, akaangalia upande wetu. Shangazi akamtikisia kichwa kwamba endelea. Akalisoma la tatu, kwa R, kama lilivyoandikwa.